Mstari wa Rangi ya Kucha

Kwa aliyeanza kunisoma leo nitasema kwa ufupi, na aliye nami tangu mwanzo avumilie kidogo.

Baba alipofariki alituachia gari moja, dogo, la miaka thelathini, lililokuwa likioza chini ya turubai nyuma ya nyumba. Baba mdogo, ambaye gereji ni yake na sisi ni vibarua wake, alitaka kulipeleka kwenye chuma chakavu. Kaka yangu akamwomba miezi mitatu. Tuligeuze liwe gari la mbio fupi, zile ambazo magari mawili husimama sambamba, taa ikiwaka kijani yanakimbia mita mia nne, basi, kwisha. Likichukua ushindi, libaki letu. Likishindwa, likatwe vipande. Baba mdogo alikubali huku akicheka.

Mara ya mwisho niliwaacha mahali pabaya. Kaka alikuwa amebamiza mlango wa gereji na kuniambia, mbele ya mke wake, kwamba gari lile sitaliendesha yeye akiwa hai.

Leo nasimulia kilichofuata. Naomba msinihurumie mapema.

*

Kisa cha maneno yale kilikuwa mizani.

Hatukuwa na uwezo wa kununua nguvu, kwa hiyo tulipunguza uzito. Injini tuliitoa kwenye pikapu iliyopinduka. Kabureta zilikuwa mbili, kila moja ya gari lake, na hazikupendana hadi wiki ya nane. Baada ya hapo tukaanza kulivua gari nguo. Viti vya nyuma, zulia, redio, kisahani cha majivu ya sigara. Vioo vya milango tuliviondoa tukaweka plastiki. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu, tukaikata na kuweka bati jembamba.

Kila tulichotoa tulikipeleka kwa muuza nafaka wa jirani, tukakipandisha kwenye mizani yake ya magunia, kisha kaka akaandika kilo kwa chaki nyuma ya mlango wa gereji. Mama alikuja siku moja, akaliangalia gari, akauliza kama tunaliunda au tunalila.

Siku ambayo hapakuwa tena na kitu cha kutoa, baba mdogo alilizunguka gari mara mbili, halafu akamwangalia kaka kuanzia tumboni kwenda juu.

"Kitu kizito kilichobaki humo ndani ni wewe."

Watu walicheka. Kaka naye alicheka, lakini kwa mdomo tu. Mtaani wanamwita Tani. Kwenye mizani alikuwa kilo tisini na sita. Mimi, na mabuti ya kazini, nilikuwa arobaini na tano.

Mimi wananiita Bubu. Si kwamba sisemi. Nasema, ila maneno yangu huchelewa kutoka, na yakitoka watu wameshahamia kwenye habari nyingine. Shule niliiacha darasa la tano mama alipougua, nikaingia gereji, na huko nilipata raha kwa sababu chini ya gari hakuna anayekuuliza kitu. Wateja wengi wananijua kwa miguu. Sura yangu hawajawahi kuiona.

Baba mdogo akashika saa. Kaka akaendesha, nami nikaendesha. Nilimpita kwa zaidi ya nusu sekunde, na kwenye mbio hizi nusu sekunde ni urefu wa magari matatu.

"Aendeshe Bubu," akasema baba mdogo.

Hapo ndipo kaka alipotamka yale maneno yake na kubamiza mlango.

Niliingia chini ya gari, nikalala chali pale peke yangu, nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Hilo nalo nalikiri. Kaka yangu alikuwa amevunjwa moyo hatua tano kutoka nilipolala, nami nilikuwa nacheka na difu.

*

Kuanzia siku hiyo kaka hakunisemesha. Kama anataka spana iliyo mkononi mwangu, alimgeukia mke wake, wifi yangu, aliyekuwa akituletea chai: "Mwambie huyo anipe kumi na saba." Wifi ananiangalia, mimi namwangalia, spana inapitia kwake kama barua.

Alhamisi nilifungua propela kuipaka grisi, nikaifunga upya. Ni lile bomba refu la chuma linalopita chini ya sakafu, kutoka giaboksi mpaka difu nyuma, ndilo linalozungusha magurudumu. Kwa nyuma linashikwa na bolti nne. Bolti za zamani zilikuwa zimeliwa meno, kwa hiyo nilikwenda duka la vifaa vya ujenzi nikanunua mpya. Nne, nyeupe, zinang'aa kama vijiko vya wageni. Vichwani zilikuwa na namba. Namba nazijua kusoma. Kwamba namba zile zinamwambia fundi kitu, hakuna aliyewahi kuniambia, nami sikuwahi kuuliza, kwa sababu kuuliza ni kusema.

Nilizikaza kwa spana ndefu, kisha nikafanya alichonifundisha baba. Baba akishakaza nati ya maana, alipaka mstari wa rangi ya kucha kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma inapokalia. Mstari ukiwa mzima, nati haijasogea. Mstari ukikatika, nati imelegea au kuna mtu kaigusa. Kichupa chake nilikirithi mimi. Kilikuwa cha mama zamani za ujana wake, rangi kama maini, haiuzwi tena popote.

Mistari minne. Nikalala usingizi mzuri.

*

Jumapili asubuhi tulifika kwenye uwanja wa ndege wa zamani, ule usiotumika tena, ambapo mashindano hufanyika. Kwanza ni ukaguzi. Mkaguzi alikuwa dereva enzi zake. Sasa anatembea kwa kuchechemea, na humweleza kila mgeni sababu bila kuulizwa: propela ilikatika ikiwa inazunguka, ikapiga sakafu kutoka chini, ikapanda nayo kwenye paja.

Aliingia chini ya gari letu na tochi. Alikaa kitambo.

"Hii propela kafunga nani?"

Kaka aliangalia mabuti yake. Mimi nilikuwa kimya, kwa kawaida yangu. Baba mdogo akajibu kwamba tumefunga sisi.

"Kazi nzuri," akasema mkaguzi, akatuandikia madereva wawili kama fomu ilivyotaka, mimi wa kwanza na kaka wa akiba.

Ile "kazi nzuri" niliimeza kama asali. Nilijua ni yangu.

Mbio ya kwanza nilipangwa na kijana wa gari la buluu, jipya, lenye kila kitu. Aliniangalia, akaangalia madirisha yetu ya plastiki, akamuuliza rafiki yake kama dereva wetu bado anakuja. Taa ikawaka. Sikumbuki mengi. Nakumbuka kiti kikinipiga mgongoni na mikono yangu ikibadilisha gia bila kuniuliza. Nilipogeuza macho pembeni, hapakuwa na buluu.

Watu nisiowajua walinipiga mabegani. Baba mdogo aliacha kucheka, na kwake hiyo ni sifa. Wifi alinikumbatia. Kaka alikuja, akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha pale kidogo kama anayepima homa ya mtoto, kisha akaenda kukaa nyuma ya lori letu la kubebea gari.

Nilifikiri: roho inamuuma. Nikafikiri tena: na imuume.

*

Mbio ya pili ndiyo ingekuwa ya mwisho, kulikuwa na saa nzima ya kusubiri. Wakati wengine wanakunywa soda, niliingia chini ya gari kuangalia mistari yangu.

Kwenye giaboksi, mzima. Kwenye magurudumu, mizima. Nikajivuta hadi nyuma, kwenye bolti nne za propela.

Mistari ilikuwapo, minne, imenyooka. Lakini ilikuwa myekundu, wekundu wa nyanya iliyoiva.

Nilipangusa macho. Nikasogeza tochi. Na bolti hazikuwa zangu. Zangu zilikuwa nyeupe, mpya. Hizi zilikuwa nyeusi, kuukuu, zimekwaruzwa, za kuokotwa mahali fulani. Mtu alikuwa amezitoa zangu, akaweka takataka, halafu akaiga mstari wangu ili nisijue. Na duniani kote, waliojua habari ya mistari ile ni mimi, marehemu baba, na kaka.

Sitaliendesha yeye akiwa hai. Maneno yalinirudia vilevile, na sauti yake ndani yake.

Nilizijaribu kwa spana. Zilikuwa zimekaza sawasawa. Mtu mwenye akili angesimama hapo na kujiuliza. Mimi nilijiambia kwamba mtego mzuri haulegei.

Nilitambaa mpaka kwenye sanduku la vifaa la kaka. Chini kabisa, chini ya misumeno, kulikuwa na kitambaa kimefungwa fundo. Nikakifungua. Bolti zangu nne, nyeupe, safi. Kazificha.

Basi nikarudi chini ya gari. Nikazitoa zile nyeusi moja moja, zilikuwa ngumu mpaka zilinichubua vidole, nikazitupa kwenye ndoo ya oili chafu. Nikazirudisha zangu. Nikakaza. Nikatoa kichupa cha mama, nikapaka mistari minne ya rangi ya maini. Kazi ya dakika ishirini. Hakuna aliyeniona, watu walizoea kuona miguu yangu imetokeza.

Ningeishia hapo, ningepanda nikaendesha, na balaa lingemkuta aliyeliita. Lakini nilikuwa nimenyamaza miaka ishirini na mbili, na siku hiyo, kati ya siku zote, nikaona nimechoka kunyamaza.

*

Kaka alikuwa amesimama na baba mdogo na mkaguzi. Wifi alikuwa pembeni, anamenya chungwa. Nilikwenda moja kwa moja, mikono ina oili, nikasimama mbele yake.

"Uligusa propela baada yangu."

Alishtuka kusikia sauti yangu. Wote walishtuka.

"Niligusa," akasema.

Hakukana. Hilo ndilo lililonimaliza.

"Ulitaka nife, kaka?"

Sikupiga kelele, lakini sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Watu wa magari ya jirani waligeuka. Nikaendelea. Nilimwambia kwamba wivu wa kiti umemfanya amtegee mdogo wake, damu yake, kwenye gari la baba yetu. Nilimwita muuaji. Neno hilo lilitoka vizuri kabisa, halikukwama, mimi ambaye salamu tu hunikwama.

Kaka aliniangalia. Usoni hakukuwa na hasira. Laiti kungekuwa na hasira. Alifungua mdomo, akamtazama mke wake, akaufunga.

Baba mdogo alisema kama ni hivyo gari lisikimbie, na lisipokimbia makubaliano anayajua kila mtu, kesho linakwenda kukatwa. Mkaguzi akasema propela ameikagua mwenyewe asubuhi, na fomu ina madereva wawili. Gari letu likaitwa kwenye kipaza sauti.

Kaka akaninyang'anya helmeti. Hapana, niseme ukweli: aliichukua taratibu, kama unavyochukua kisu kwa mtoto.

"Umesema nimelitegea. Basi naliendesha mimi. Kama kuna mtego, uninase mimi mwenyewe."

Akaenda, mzito, helmeti yangu haikumwenea vizuri kichwani.

Na sasa nafika mahali ambapo kila nikiandika nafuta.

Palikuwa na neno moja la kusema. Nimezibadilisha. Basi, neno moja, nalo lingetosha. Nilikuwa nimetoka kutamka maneno hamsini ya sumu bila kumeza mate. Lakini lile moja nililibana. Niliona raha yake kulijua peke yangu. Nilijiambia: aende, gari liko salama, nimelisalimisha mimi mwenyewe, akirudi mzima nitamwambia ni nani aliyemwokoa, na ataona aibu mpaka azeeke.

Nikanyamaza. Nilirudia ububu wangu dakika ile ile nilipouhitaji usinirudie.

*

Wifi alikuwa amesimama na chungwa lililomenywa nusu. Ganda lilikuwa linaning'inia.

"Wifi," akasema, "umemwambia nini mume wangu?"

Nilimwambia amuulize yeye. Nilimwambia rangi nyekundu nimeiona.

"Rangi ni yangu."

Akanyoosha mkono. Kucha zake zilikuwa nyekundu, nyekundu ya nyanya iliyoiva.

Alinieleza haraka, na kwa sauti ya chini, kama mtu anayevunja kiapo. Ijumaa kaka alikwenda nyumbani mchana, mikono michafu, akaomba kichupa cha rangi ya kucha. Wifi akamtania, akamuuliza anakwenda harusini. Kaka hakucheka. Alisema amekuta Bubu kafunga propela na bolti za geti.

"Za geti?"

"Zile za kung'aa. Za dukani. Alisema ni laini, zinafaa kufungia geti na mabati, kichwani zimeandikwa nne nukta sita. Ukilishtua gari kwa nguvu zinakatika kama chaki. Amezunguka kwa wakata magari mchana kutwa mpaka akapata za lori, nyeusi, kumi nukta tisa. Kazifunga mwenyewe, kakaza mwenyewe, kapaka mstari kama wako."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Midomo yangu ilikuwa mizito, na sijui kama nilisikika.

"Nami nilimuuliza hivyohivyo. Akasema, huyo mtoto ukimwambia amekosea atatetemeka, na akitetemeka hataendesha. Mwache aamini ni kazi yake." Wifi aliangalia chungwa mkononi kama hajui limefikaje. "Na zako akazifunga kitambaa. Alisema atakuonyesha siku mtakayokuwa mnacheka."

Kazi nzuri, alisema mkaguzi asubuhi. Alimaanisha kazi ya kaka. Asali yote niliyomeza ilikuwa ya kaka.

Nilitazama mstari wa kuanzia. Gari la baba lilikuwa limeshasimama, pembeni mwake gari jeusi. Moshi ulikuwa unatoka kwenye magurudumu, kaka anayapasha moto. Na bati la sakafu chini ya kiti chake lilikuwa jembamba kama mfuniko wa sufuria, nililikata mimi.

Nilikimbia.

Sijawahi kukimbia vile. Nilipita mabega ya watu, nikaruka kamba. Na nilipiga kelele, wallahi nilipiga, nilimwita kaka kwa jina lake ambalo halitumii mtu tangu aitwe Tani. Lakini injini mbili zilikuwa zinanguruma na mimi mwenyewe sikujisikia. Mdomo wangu ulikuwa wazi, hautoi kitu. Ndivyo nilivyoonekana siku zote, basi.

Mkaguzi alinidaka kiunoni hatua chache nyuma ya gari. Nilimpiga ngumi. Nilimwonyesha propela kwa vidole, nikamwonyesha mguu wake mbovu, nikauonyesha tena, na nikaona uso wake ukibadilika. Ameelewa. Aliniachia, akainua mikono yote miwili juu ili mtu wa taa asimamishe.

Kwenye kioo cha pembeni niliyaona macho ya kaka. Aliniona. Nilitikisa kichwa, usiende, usiende. Sijui alisoma nini. Labda alifikiri bado namlaani. Akageuza macho mbele.

Taa ikawaka kijani.

Gari liliinua pua na kuondoka. Kokoto ndogo zilinipiga shingoni. Kelele ikasogea mbali, na mahali ambapo gari lilikuwa limesimama, katikati ya alama mbili nyeusi za magurudumu, kitu kidogo kilikuwa kinazunguka kwenye lami, kinazunguka, kinapunguza, kikalala.

Niliinama nikakiokota. Kilikuwa cha moto. Ilikuwa nati moja, nyeupe, na kipande cha bolti kimekatikia ndani yake. Ubavuni ilikuwa na nusu ya mstari wa rangi ya maini.

Niliinua macho. Kaka alikuwa anaingiza gia ya pili, naye alikuwa mbele ya gari jeusi, na bolti zilikuwa zimebaki tatu.